Kitanda Namba Saba

Siku ya gulio la Mkuyuni, saa nne asubuhi, Devotha alimfunga Mwamvita kitambaa cha kupimia presha kwa mara ya tatu. Alitaka kuona kama mashine imekosea. Haikuwa imekosea. Presha ilikuwa mia na sabini na tano juu ya mia na kumi na tano, miguu imevimba hadi kandambili zimegoma kuingia, na mimba ina wiki thelathini na nne.

"Kichwa?" Devotha aliuliza.

"Kinagonga, sista. Na macho yanaona vimulimuli."

Devotha ndiye mkunga pekee wa zahanati ya Kinzugu, kijiji kilichoko juu huko Uluguru, mahali ambapo barabara ya gari imekata tamaa kilomita tisa nyuma. Vimulimuli hivyo alivijua. Kilikuwa kifafa cha mimba kinapiga hodi. Mwamvita alishapoteza watoto wawili kwa njia hiyo hiyo, wa pili akiwa juu ya machela, katikati ya mteremko. Hii ya tatu alishasema wazi: hana moyo wa kuzika mwingine.

Sindano ya kuzuia kifafa ilikuwa imeisha zahanati tangu mwezi uliopita. Devotha alipanda kwenye lile jiwe nyuma ya choo, ndipo mtandao unaposhika, akapiga simu hospitali. Aliambiwa gari la wagonjwa lipo, zima kabisa, lina mafuta, ila limepeleka viti vya semina Dumila. Likirudi atajulishwa. Machela nayo ilikuwepo, imetundikwa ukutani, lakini machela inataka wanaume wanane wa kupokezana, na siku ya gulio wanaume wa Kinzugu wote wako Mkuyuni na ndizi zao. Sufiani, mume wa Mwamvita, alikuwa mmojawapo. Aliyebaki ni mjomba Dadi, na mjomba Dadi ana goti bovu.

Kwa Waluguru, mjomba ndiye mwenye neno. Kwa zile mimba mbili za mwanzo, Devotha alishauri Mwamvita ashuke mapema akasubirie karibu na hospitali, na mara zote mbili mjomba Dadi akasema mtoto wa ukoo hangojewi kwenye chumba cha kupanga, tusubiri mwezi wake utimie hapa hapa. Safari hii alikaa kwenye ngazi ya zahanati, kofia mkononi.

"Mara mbili nimesema tusubiri," alisema. "Leo sisemi kitu. Niambie wewe nifanye nini, mwanangu."

Devotha alirudi ndani kumtazama Mwamvita.

Wakati wakiongea hayo, kitanda kilikuwa kimeshapita nusu ya njia.

Kilikuwa kitanda cha chuma, namba saba, cha wodi ya wazazi. Mlinzi wa geti la hospitali, mtu makini na kazi yake, alikiandika daftarini: "Kitanda namba saba, kimetoka saa kumi na mbili na robo asubuhi, kinaelekea mlimani, hakina mtu." Gurudumu lake moja lilikuwa bovu tangu mwaka juzi, maombi ya kulitengeneza yapo kwenye faili, kwa hiyo kilikwenda kikichechemea. Pale Mkuyuni wauza ndizi walisogeza mikungu kukipisha. Bodaboda mmoja alikifokea kwamba kinakata kona bila kuonyesha ishara, na kusema kweli alikuwa na haki. Sufiani alikiona kikipita, akadhani kuna tajiri huko juu amejinunulia.

Kilifika Kinzugu saa tano na nusu, tope hadi kwenye godoro, mti wa dripu umenasa jani la mgomba.

"Umechelewa," Devotha alikiambia. Akachukua tambara, akafuta.

Mwamvita alilelewa vizuri, na kitanda kilionekana kumzidi umri, kwa hiyo alikisalimia, "Shikamoo." Kitanda hakikuitika, ila kilijishusha upande mmoja ili apande bila taabu.

Waliteremka. Mjomba Dadi alitembea pembeni na goti lake hilo hilo, kichwani beseni lenye gloves, wembe, pamba na mpira wa kutandika, maana bila hivyo vitu mjamzito hasikilizwi. Penye mawe kitanda kilipunguza mwendo. "Taratibu, baba, taratibu," mjomba Dadi alikuwa akikiambia, machozi yakimtoka wazi wazi wala hayafuti.

Sasa hapa pana jambo la kuelewa. Hospitali ile, ambayo jina lake tuliache, ina utaratibu wake. Mgonjwa wa rufaa anakaa kwenye benchi la mapokezi mpaka afunguliwe faili, na karani anafungua mafaili kwa foleni. Uwe unatoka damu, uwe unaona vimulimuli, foleni ni foleni. Lakini mtu aliyelala kitandani hakai benchi. Akae kwa nini? Huyo ameshalazwa.

Kwa hiyo kitanda namba saba kilipita mapokezi na hakuna aliyekisimamisha. Kiliingia wodini, kikarudi mahali pake karibu na dirisha. Daktari Athanas alikuwa akizungukia wagonjwa. Alipofika namba saba alikuta presha ya kutisha na hakuna karatasi hata moja.

"Faili la huyu mmelipeleka wapi?" alifoka. "Mgonjwa yuko wodini, presha inapaa, hajachomwa hata sindano! Mchomeni sasa hivi, faili mtalitafuta baadaye!"

Walimchoma. Saa moja baadaye alikuwa chumba cha upasuaji. Mtoto alitoka na kilo moja na gramu mia tisa, analia kwa hasira. Mwamvita alimfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, kama alivyoelekezwa, na akagoma kumpa mtu yeyote hata alipoambiwa akaoge. Alimwita Amani. Mjomba Dadi alipoulizwa kama ukoo una jina jingine la kumpa mtoto, alisema yeye hana neno.

Kwenye benchi la mapokezi walibaki akina mama wawili wenye barua za rufaa. Faili la Mwamvita linatafutwa hadi leo.

Wiki iliyofuata kikaitishwa kikao. Ajenda ilikuwa moja, kitanda. Sista Stella, mkuu wa wodi, si mtu mbaya, na hilo lisemwe. Ana vitanda kumi na viwili na akina mama ishirini, wanalala wawili wawili, na kitanda kikitoweka anayeulizwa ni yeye. Kitanda kiliandikiwa barua kijieleze kwa nini kisichukuliwe hatua kwa kuondoka kituo cha kazi bila ruhusa. Siku saba zikapita, hakikujibu. Kikafungwa kwa mnyororo na kufuli kwenye bomba la maji. Gari halikuzungumzwa, halikuwemo kwenye ajenda. Benchi nalo halikuzungumzwa.

Miezi mitatu baadaye, siku ya gulio tena, Yasmin wa Kinzugu, mwenye mimba ya mapacha, alifika zahanati akiona vimulimuli. Sindano ilikuwa haijaletwa. Devotha alipanda jiwe. Aliambiwa gari limekwenda Dumila kufuata vile viti. Mjomba Dadi alikuja bila kuitwa, beseni kichwani, akasimama pale njia inapoanza kuteremka.

Wodini, kitanda namba saba kilikuwa kinavuta mnyororo tangu saa kumi na mbili asubuhi. "Jamani, hizo kelele!" wazazi walilalamika. Sista Stella akauviringishia mnyororo kanga kuukuu. Mara mbili aliutoa ufunguo mfukoni, mara mbili akaurudisha.

"Nikikufungulia wataniuliza mimi," alikiambia. Kitanda kiliendelea kuvuta.

Saa tisa na dakika kumi alasiri kikaacha. Sista Stella alitazama saa ya ukutani, akaandika kwenye daftari la zamu: "Saa 9:10, kitanda namba saba kimetulia." Kule Kinzugu, Devotha naye alikuwa akiandika saa hiyo hiyo kwenye kitabu cha vifo, na mjomba Dadi alikuwa bado amesimama njiani na beseni lake.