Nusu ya Njia Iliyobaki

Jumapili, baada ya misa, Milembe aliinjika maharage, akasukumiza miti mikavu ya pamba chini ya chungu, akapuliza. Miti ya pamba huwaka vizuri, ila moshi wake hauna huruma, na macho ya Milembe yalikuwa mekundu tangu watoto wake wakiwa wadogo. Alijifuta kwa ncha ya kanga, akaenda kukaa kizingitini. Kitochi chake, simu ndogo ya vitufe, kilining'inia kwenye msumari wa mwimo wa mlango. Hapo ndipo mtandao uliposhika. Ukiingia nacho ndani, basi tena.

Violeth alipiga, kama alivyopiga kila Jumapili. Alikuwa mjukuu wake, mtoto wa marehemu mwanawe wa kwanza, na alikuwa mwaka wa kwanza chuoni, safari ya basi ya kutwa nzima kutoka Bariadi. Alisomea ualimu wa hesabu. Kulikuwa na somo moja huko, kalkulasi, ambalo wanafunzi walilitaja kwa sauti ya chini, kama watu wanaotaja ugonjwa wa jirani. Milembe aliishia darasa la nne, lakini kwa vitendawili hakuna aliyemweza, na Violeth alikuwa na desturi ya kumletea masomo yake kwa njia hiyo.

“Bibi, kitendawili.”

“Tega.”

“Mgeni yuko njiani anakuja kwako. Kila akiinua mguu, anakwenda nusu ya njia iliyobaki. Atafika lini?”

Milembe alisema jioni. Alisema kesho. Alisema pamba ikishavunwa. Yote yakakataliwa.

“Umenishinda. Chukua mji. Nakupa Mwanhuzi.”

“Mwanhuzi kukavu, bibi. Nipe Bariadi.”

“Haya, Bariadi yako.”

“Nilikwenda Bariadi, nikala wali, nikanywa soda, nikawasalimia ndugu zako wote. Jibu ni kwamba hafiki. Anakaribia mpaka unasikia pumzi yake, lakini hafiki. Sisi huku tunaiita limiti.”

Milembe alicheka, akasema mgeni wa namna hiyo apelekewe chakula huko huko njiani.

Wiki hiyo Method alirudi. Method alikuwa mtoto wa Maduhu, na Maduhu alikuwa mtoto wa kaka wa marehemu mume wa Milembe. Nyumba zao zilitenganishwa na shamba moja la pamba. Method na Violeth walisoma sekondari moja, ambayo kwa muda mrefu haikuwa na mwalimu wa hesabu, na walikwenda chuoni kwa basi moja. Sasa Method alirudi peke yake, godoro limeviringishwa nyuma ya bodaboda. Alama zake za majaribio hazikutosha, kwa hiyo hakuruhusiwa kuingia kwenye mtihani wa mwisho wa kalkulasi. Baba yake alipomuuliza imekuwaje, alijibu kama wanafunzi wote wanavyojibu, kwamba jioni alikuwa anajua kila kitu, lakini alipoingia kwenye chumba cha jaribio vyote vikaondoka kichwani.

Maduhu aliuliza vimekwenda wapi.

Method alisema hajui, kwa hiyo Maduhu alikwenda kwa mganga mmoja upande wa Meatu, akapigiwa ramli. Ramli ilisema akili za kijana zimechukuliwa na mtu wa ukoo wake, mwanamke, mzee, mwenye macho mekundu, naye amezipeleka kwa mtoto mwingine. Mganga hakuulizwa kuhusu shamba la bondeni la Milembe, ambalo Maduhu alikuwa analimega kidogo kidogo kila msimu, na hakulitaja.

Walikuja Jumatano mchana, wakiwa wameshakula. Maduhu alitangulia, nyuma yake Kristofa na wanaume wengine wa ukoo, kila mmoja na panga lililonolewa upya. Walipita penye mwanya wa ua wa minyaa. Milembe alikuwa anapeta mahindi. Aliwaona, akajua, maana mwanamke wa umri wake katika vijiji vile hahitaji kuambiwa. Akakaa kizingitini na ungo mapajani.

“Mwadila, mayu,” Maduhu alisalimia kwa Kisukuma, akimwita mama.

“Mwadila,” Milembe aliitikia.

Wakatembea. Walikwenda nusu ya uwanja, kisha nusu ya uliobaki, kisha nusu ya ule. Miguu iliinuka na kutua, vumbi likatimka, jasho likawatoka, lakini mlango ulibaki mbele yao. Mbuzi waliporudi kutoka malishoni waliwapita katikati, wakaingia zizini, wakafungiwa. Wanaume walikuwa bado wanatembea.

Jirani yake, Shija, alikuja kuomba moto. Alipita kati yao bila shida, kwa kuwa yeye alikuja kuomba moto tu. Aliwatazama, akamwambia Milembe kwamba hao kwa mwendo huo watachelewa kupalilia.

Hawakurudi kwao. Maduhu alisema wakirudi wataanza upya minyaani, na hapo walipokuwa walikuwa wameshapata sehemu kubwa ya njia. Wake zao waliwaletea uji, wakaenda kupalilia wenyewe. Mvua ilinyesha, ikawalowesha, wakakauka. Walipochoka walilala zamu kwa zamu wakiwa wamesimama, kama punda.

Mwenyekiti wa kitongoji, Athanasi, alikuja kwa pikipiki. Alizunguka uwanja, akamsikiliza Milembe, akawasikiliza na wanaume. Alisema kubeba panga msimu wa kilimo si kosa, na kuhusu kumdhuru mtu, haoni aliyedhuriwa. Alipiga simu kituoni mbele ya wote. Walimjibu kwamba hawawezi kufungua jalada la watu ambao hawajafika. Wakifika, apige tena.

Milembe aliwaza kukimbilia kwa dada yake. Lakini aliwajua wanawake waliokimbia. Maneno yaliwatangulia kwa simu, na nyumba walizoziacha zilivunjwa siku ileile, maana kukimbia kwao kulihesabiwa kuwa kukiri. Akabaki. Shija alimchotea maji. Usingizi ulimpata kwa vipande, na kila aliposhtuka alitazama kwanza miguu ya Maduhu, ndipo akamtazama yeye.

Jumapili Violeth alipopiga, bibi yake alimwambia yote kwa sauti ya kawaida, kwa sababu wanaume walikuwa karibu kiasi cha kusikia. Alimwambia pia kwamba Alhamisi, jua likiwa utosini, walipiga hatua za kweli, hatua za watu, wakavuka zizi lote, halafu wakarudia nusu zao.

Violeth alimwuliza tena siku na saa, akatajiwa.

“Alhamisi mchana niliitwa ubaoni,” alisema mwisho. “Wakaniuliza limiti. Nikachanganya. Darasa likacheka. Nikasimama pale mpaka ikanirudia.”

“Mtihani wa mwisho lini?” Milembe aliuliza.

“Mwezi ujao, Jumatatu ya pili.”

“Na ukifeli?”

“Ukifeli maana yake hukuielewa, bibi. Limiti inakuwa haipo.”

Milembe alimwambia ale vizuri.

Tangu hapo alijifunza kumsoma mjukuu wake kwa miguu ya wanaume. Siku ambazo Violeth alielewa somo, waliinua nyayo na kuzirudisha palepale, na Milembe aliweza kumeza chakula. Siku ambazo hakuelewa walisogea, na Milembe alikaa amekumbatia magoti. Violeth aliacha kulala vizuri. Alisimulia kwamba wenzake huogopa kurudishwa nyumbani, na yeye anaogopa watu wasije wakafika nyumbani kabla yake. Wanaume walipofikia uchanja wa vyombo, Kristofa alizigusa sufuria kwa kiwiko, zikaanguka. Aliomba radhi, akaziokota.

Siku moja Method alikuja kumwambia baba yake ukweli. Alisimama mbele yake, akaeleza kwamba hakuna aliyemchukulia kitu, hesabu hiyo hakuijua tangu sekondari, alikuwa anakariri tu, na kule chuoni kukariri hakukutosha.

“Wewe akili zako zimechukuliwa,” Maduhu alimwambia kwa upole. “Utajuaje?”

Method alitafuta la kujibu, hakulipata, na wanaume wakaguna, kwa kuwa huo nao ulikuwa ushahidi.

Jumatatu ya mtihani, Milembe alitoa beseni la mahindi akakaa mlangoni kupukuchua. Alivaa gauni lake la kanisani. Method alikuja tena. Alisema samahani, baba, na Maduhu akampisha. Alikaa juu ya kinu kilicholazwa, karibu na bibi yake, akatazama kivuli cha paa kupima saa.

“Sasa wanagawa karatasi,” alisema.

Miguu ilisimama. Hata vumbi lilitulia. Method alisema hapo Violeth anasoma maswali yote kwanza, kama walivyofundishwa. Kisha nyayo zikaanza kuinuka na kutua palepale, laini, kama za mtoto anayechezea maji.

“Ameanza na limiti,” alisema Method. “Hilo analiweza.”

Milembe alipukuchua. Baada ya muda wanaume walisogea kidogo, wakasimama, wakasogea tena. Method alisema hilo ni la mteremko wa mstari uliopinda, nalo lina vifungu vingi, ni lazima mtu ayumbe. Wakasimama. Kristofa alipiga chafya, na mtu mmoja nyuma akamwambia afya.

Halafu Maduhu akatembea kama mtu anayekwenda kwake. Aliupita uchanja. Aliingia kwenye kivuli cha paa. Milembe aliona kifungo cha shati lake kilichoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, akasikia harufu ya jiwe la kunolea. Alimbeba mgongoni kijana huyu akiwa mtoto, msimu mzima mama yake alipougua. Alifikiria jina lake la utotoni. Mikono yake iliendelea kupukuchua gunzi ambalo halikuwa na punje hata moja.

“Integresheni,” Method alisema. “Hapa ndipo na mimi nilipokwama.”

Maduhu aliinua panga.

Method aliinamisha kichwa, akaongea kwa sauti ndogo, kama mtu anayemsemesha aliye upande wa pili wa ukuta. “Usilibebe lote, Violeth. Badili herufi kwanza. Weka herufi nyingine, litakuwa dogo.”

Chuo kilikuwa mbali na hakuna aliyemsikia huko. Panga lilishuka. Lilishuka nusu ya njia, kisha nusu ya iliyobaki, kisha nusu ya ile, na lilipokaribia kitambaa cha kichwani cha Milembe likawa linashuka bado, na bado, na bado.

“Amelipata,” alisema Method. Alikwenda nyuma ya nyumba kutapika.

Tangu siku hiyo Milembe alirudia shughuli zake, kwa sababu kukaa au kusimama ilikuwa mamoja. Akienda jikoni, Maduhu alimfuata na panga lake upana wa kidole juu ya kitambaa. Akiinama kuonja chumvi, panga liliinama naye. Bondeni alipokwenda kuchuma majani ya kunde, wenzake Maduhu waliandamana nyuma kwa msururu, na kila mmoja alikanyaga kwa uangalifu asiharibu matuta. Kanisani walipewa benchi la peke yao. Padri aliwaomba wavue kofia tu. Milembe alikonda. Hakuweza kulala chali, na alijifunza kutogeuza shingo haraka.

Matokeo yalitoka. Violeth alipiga simu, na Maduhu, ambaye mkono wake ulikuwa karibu na msumari, akakiinamia kitochi naye asikie. Alipata B plasi. Zaidi ya nusu ya darasa walikuwa wamefeli. Wanaume wote uwanjani walisema hongera, na walimaanisha. Kisha Maduhu akawageukia kadiri alivyoweza.

“Mnaona sasa?” alisema. “Mtoto wa kike. Zaidi ya nusu wamefeli.”

Waliona. Waliokuwa na shaka kidogo, shaka iliwatoka.

Violeth alikuja likizo, akashushwa na bodaboda penye minyaa. Alipita kati ya ndugu zake akisalimia kila mmoja, shikamoo, shikamoo, nao waliitikia marahaba, wakampokea begi, wakalipitisha mkono kwa mkono hadi mlangoni. Bibi yake alikuwa amekaa kwenye kigoda, amenyooka kama msichana anayesukwa. Violeth alipiga magoti mbele yake, akamshika mikono. Hakuweza kumkumbatia, panga lilikuwa hapo.

“Shikamoo, baba mkubwa,” alisema bila kuinua macho.

“Marahaba, mwanangu. Pole na safari. Hiyo hesabu yenu, mwaka wa pili ipo?”

Violeth alifundishwa na mikono hiyohiyo aliyoishika kutowadanganya wakubwa. Alisema haipo. Ilikuwa ya mwaka wa kwanza tu.

“Na watu wakishaimaliza, huwa wanaikumbuka?”

Mikono ya Milembe ilibana vidole vyake.

“Wengi wanaisahau,” alisema Violeth.

Maduhu aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua iko Lamadi na inakuja huku.

“Sisi hatuna haraka,” alisema. Kisha aliomba apishwe, maana Milembe alikuwa ameinuka kwenda kumpikia mjukuu wake, na ilimbidi amfuate.