Tiki Ishirini na Tatu

"Ako darasani, mama. Tulia. Nimeona tiki yake hapa kwa macho yangu."

Aliyesema hivyo ni Nanjala, karani wa chuo kimoja cha ufundi pale Kitengela, simu ikiwa sikioni na rejista ya darasa la ujenzi ikiwa wazi mbele yake. Mwenye rejista hiyo, mwalimu Wamaitha, ndiyo kwanza alikuwa ameingia ofisini kutafuta chaki. Aliganda mlangoni.

"Nani huyo?" akauliza.

"Mama Lesiamon. Timbo limeporomoka huko nyuma, si unajua pale wanakochimba mawe? Sasa ameingiwa na baridi ati kijana wake alikuwa huko. Nimemwambia atulie, Lesiamon ako na wewe tangu saa mbili." Nanjala akacheka. "Wazazi nao! Presha ya bure."

Wamaitha hakucheka. Alishika meza. Lesiamon hakuwa darasani. Hakuwa darasani jana, wala juzi, wala siku yoyote ya wiki hiyo.

Sasa, msikimbilie kumpiga mawe huyu mwalimu. Mambo yalianza Januari, kwenye kikao cha mipango. Bwana Irungu, mkuu wa mipango, alisimama mbele ya walimu na kuwasomea malengo ya mafanikio ya wanafunzi: mahudhurio asilimia tisini na tano, wanaomaliza kozi asilimia tisini. Hesabu hizo alizitoa wapi? Hakuna aliyeuliza, maana kuuliza ni kujitafutia makubwa. Kila mwalimu alitia sahihi chini ya lengo lake. Rejista zifike ofisini kabla ya saa tatu. Mwalimu ambaye darasa lake litashuka, asahau mkataba. Mwanafunzi atakayeshuka chini ya asilimia themanini, asahau mtihani.

Malengo matamu hayo, ukiyasoma yakiwa yamebandikwa ukutani. Lakini ni nani aliyewauliza wale vijana asubuhi wamekula nini? Nusu yao walikuwa wakichonga mawe timboni siku tatu ili wapate kuja darasani siku mbili. Wamaitha aliwaonea huruma, na tusifichane, alijionea huruma mwenyewe pia. Wiki ya kwanza alimtilia tiki mmoja tu. Ya pili wakawa watano. Kufikia Mei alikuwa akiketi na kikombe chake cha chai, anashusha kalamu kutoka juu mpaka chini, majina yote ishirini na matatu, kisha ndiyo anakwenda darasani kuona kama kuna mtu. Irungu akamsifu kikaoni, akawaambia wenzake wamuige.

"Mpigie tena huyo mama." Hayo ndiyo aliyotaka kumwambia Nanjala. Lakini akisema, Nanjala atajua, na akijua Nanjala, chuo kizima kimejua kabla ya chai ya saa nne. Basi akaanza kujidanganya. Labda kijana amelala nyumbani. Labda ameenda Kajiado kwa shangazi yake. Alitoka nje akampigia kijana simu. Mteja hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani.

"Timboni," alimwambia mtu wa boda aliyekuwa getini. "Haraka, ndugu yangu."

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, na ukuta mzima wa timbo ulikuwa umeshuka. Vijana watatu walikuwa wameketi kando wamefungwa vitambaa vichwani, wanatetemeka. Watu walikuwa wameanza kutawanyika. Tingatinga la manjano lilikuwa linanguruma pale juu, tayari kusukuma kifusi.

Mwanamke aliyejifunga shuka jekundu alimjia mbio. Alikuwa Dinah, mama yake Lesiamon. Akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mwalimu! Mungu akubariki, mwalimu. Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia. Napiga simu yake haishiki, halafu nikakumbuka nyinyi hamtaki simu darasani. Hawa wenzangu wanalia, mimi wangu ako shule. Asante kwa kumshikilia."

Wamaitha akamgeukia msimamizi wa timbo, Munguti, mtu mrefu mwenye buti za mvua.

"Wote wametoka?"

"Wote, mwalimu. Wa kibarua hatuwaandiki majina, lakini tumeulizana. Wasiwasi ulikuwa kwa huyo Lesiamon tu. Mmoja anasema amemwona asubuhi pale chini, mwingine anasema hapana, ilikuwa jana. Lakini vile chuo kimesema ako darasani, hiyo imeisha. Tunasukuma haya mawe, lori zipite." Akainua mkono kwa dereva. "Haya, leta!"

Wamaitha aliogopa. Aliogopa kazi yake, aliogopa polisi, aliogopa macho ya huyu mama aliyekuwa bado amemshika mkono. Aliwaza mtoto wake mwenyewe anayemngoja nyumbani, na huyo Irungu na asilimia zake. Sauti moja ndani yake ilimwambia anyamaze, kijana hayupo pale, mbona unajichimbia kaburi? Na wakati huo huo tingatinga lilikuwa linashuka, tani kadhaa za chuma, kuelekea pale ambapo huenda mtu alikuwa bado anapumua.

"Simamisha!" alipiga kelele. Dereva hakusikia. Wamaitha akajinasua, akakimbia kwenye matope mpaka mbele ya chuma kile, akatandaza mikono. "Simamisha! Hayuko darasani! Hayuko!"

Injini ikazimwa. Watu wote wakamtazama.

"Ile tiki ni mimi nilitia," alisema. "Nilitia bila kumwona. Sijamwona wiki nzima."

Dinah hakumtukana wala hakumpiga. Heri angempiga. "Enkai ai," alisema kwa sauti ndogo, yaani Mungu wangu, kisha akakimbilia kile kifusi na kuanza kuvuta mawe kwa mikono mitupu.

Wanaume walivua mashati wakaingia na sururu na mitaimbo. Wamaitha naye aliingia. Kucha zilimkatika, hakuhisi. Kila baada ya muda Munguti aliwanyamazisha watege masikio, na katika kimya hicho Wamaitha alimwahidi Mungu kila kitu alichokuwa nacho. Ilikaribia saa nzima. Ndipo Munguti akainua mkono kwa ghafla.

Mtu alikuwa anakohoa.

Walimkuta chini ya bapa la jiwe lililoegemea ukuta, amejikunja, mkono umevunjika, macho yamejaa udongo. "Yeyo," aliita. Mama. Dinah akamshika kichwa, akalia kilio ambacho hata wale wachimba mawe walishindwa kukivumilia. Vigelegele vikapigwa. Wamaitha aliketi kwenye matope akalia naye kama mtoto. Mkataba auchukue Irungu, alisema moyoni, aubandike ukutani na malengo yake. Kijana yuko hai!

Munguti alikuja akachuchumaa mbele yake. Hakuwa na hasira. Alikuwa anataka tu kujua, kwa sababu dereva alikuwa amesharudi kwenye kiti na watu walikuwa wanavaa mashati.

"Mwalimu. Ni huyo peke yake?"

Wamaitha alifungua kinywa. Asubuhi ile alikuta tisa darasani. Alitia tiki ishirini na tatu.

"Sijui," alisema.

"Hujui vipi?"

"Sijui, Munguti. Niliwatilia wote."

Vigelegele vilikatika. Wamaitha alisimama, akatoa simu yake iliyokuwa na picha ya rejista, ile anayomtumia Irungu kila asubuhi. Aliwaruka wale tisa na Lesiamon, akaanza na waliobaki. Tangu muhula ufunguliwe, hii ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuita jina na kungoja jibu.

"Oscar Saitoti!"

"Huyo nimemwacha stendi," mtu akajibu kutoka juu. "Anapakia abiria."

"Seleyian Nkaru!"

"Ako dukani kwetu," akajibu mwanamke mmoja.

"Ishmael Kamande!"

Hakuna aliyejibu. Wamaitha aliita tena, kwa nguvu zaidi, akigeuka huku na huku. Munguti akamwonyesha dereva kwa mkono ashuke, na wale wanaume waliokuwa wanafunga vifungo vya mashati wakaanza kuvifungua.