Mgeni wa Kwenye Laini

Mgeni njoo, mwenyeji augue. Hivyo ndivyo Modesta alivyoigeuza methali ya wazee, na hakuwa na nia ya kuirudisha ilivyokuwa. Mgeni aliyemfanya yeye augue hakubisha hodi, hakunawa mikono, hakula samaki sato wa mtu. Alikuwa ndani ya simu.

Simu yenyewe ilikuwa fahari ya nyumba. Baba yake mdogo, Mayala, karani wa bandarini, aliinunua mwaka tisini na tano, maduka ya mjini Mwanza yalipoanza kufurika vitu vya Dubai. Waliiita simu isiyo na waya. Kitako chake kilikaa juu ya kabati la sebuleni, kimechomekwa kwenye laini ya ukutani kama simu yoyote, lakini mkonga wake uliweza kutembea nao hadi jikoni, hadi uani juu ya mawe, ukaongea huku unapepeta mchele. Walioletwa kuitazama walikuwa wengi kuliko walioipiga.

Modesta aliipenda kwa sababu nyingine. Alikuwa amerudi kutoka chuoni Tabora na stashahada ya uhazili, akafikia hapo Igogo kwa baba mdogo, akapeleka barua ya maombi kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara. Chini ya jina lake aliandika namba ya simu ile. Wakasema watapiga.

Wiki tatu simu haikumwita. Ya nne alikwenda mwenyewe. Dada wa mapokezi, aliyeitwa Dorcas, akafungua daftari, akapitisha kidole.

"Tulipiga," akasema. "Alipokea mwanamume."

"Mwanamume gani?"

"Ningejuaje, dada yangu? Nikamwambia namtaka Modesta. Akasema hapa hakuna Modesta, hapa ni kwangu. Nikaita anayefuata kwenye orodha. Nafasi imejazwa."

Kosa la Modesta lilikuwa kusimulia. Alifika nyumbani na hasira zake, akammwagia mama mdogo Wilhelmina maneno yale yote kama yalivyosemwa, bila kupunguza hata moja, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuheshimu maneno. Wilhelmina naye akayaandaa mezani pamoja na ugali. Mayala alipofika kwenye "hapa ni kwangu," tonge lilirudi sahanini.

"Mchana nyumba hii ina nani?"

"Mimi na mama mdogo. Na mama mdogo huenda sokoni."

"Kwa hiyo mama mdogo akienda sokoni, kuna mwanamume anakaa kwenye kiti changu, anapokea simu yangu, anasema hapa ni kwake."

"Baba mdogo, hakuna mtu aliyeingia humu."

"Basi simu imeota ndevu." Mayala akanawa mikono kabla ya kushiba, jambo ambalo nyumba ile ililijua maana yake. "Nakupa mpaka Jumapili. Uniambie jina lake, aje na wazee wake tuzungumze. Usiponiambia, Jumatatu unapanda basi la Ngudu, unarudi kwa baba yako. Huko hakuna simu ya kukuharibu."

Ngudu hapakuwa na kiwanda, hapakuwa na ofisi, hapakuwa na taipureta. Palikuwa na pamba ya baba yake na jembe lenye mpini uliomfahamu. Na angerudi na sifa ya kufukuzwa mjini kwa ajili ya mwanamume. Sifa ya namna hiyo hufika kabla ya basi.

Jumanne mchana alikuwa akifuta vumbi sebuleni. Mkonga ulikuwa umelala kwenye kitako, umetulia. Taa nyekundu ikawaka. Taa ile iliwaka pale tu mtu alipokuwa akiongea na simu, na hapakuwa na mtu. Modesta akaunyakua mkonga. Ikaja kelele kama mvua juu ya bati, na ndani ya mvua sauti ya kiume, mbali, ikisema kitu kuhusu mahindi.

"Wewe ni nani?"

Taa ikazimika.

Jumatano iliwaka mara mbili. "Toka kwenye laini ya watu," alisema mara ya kwanza. Mara ya pili alitumia maneno ambayo chuoni hawafundishi. Kila mara ilikuwa vilevile: mvua, pumzi, kimya. Mtu huyo alikuwa akikimbia swali kama kuku anavyokimbia jiwe.

Alhamisi akakifunga kitako kwenye kanga, akakipeleka pamoja na mkonga kwa Okomo, fundi redio aliyetoka Shirati na kufungua kibanda karibu na soko. Okomo akakigeuza, akakinusa, akacheka.

"Dada, hii siyo simu. Hii ni redio iliyovaa shati la simu. Unaona namba hii chini? Mkonga wowote wa aina hii wenye namba hii, ukiwa jirani, kitako kinaukubali. Hakijui mtoto wake na mtoto wa watu."

"Jirani wa umbali gani?"

"Nyumba mbili, tatu. Haya mawe yenu yakikaa vibaya, moja."

"Nitamjuaje?"

"Mimi natengeneza, dada, sipigi ramli." Lakini alimwonea huruma, akamwonyesha kitufe cha spika. "Ukishika mkonga wako na yeye kashika wake, mnagongana, ndiyo hiyo mvua. Wako uache ulale. Bonyeza hapa uongee na kitako chenyewe. Utamsikia kama yuko chumbani."

Kutoka hapo akaenda kwenye duka lililouza simu. Muuzaji alikumbuka vizuri: za namba ile zilikuja tatu. Moja ya Mayala. Moja ilikwenda Mkolani, mbali na hapo. Ya tatu aliichukua mzee mmoja mpole, mwenye koti la kijivu.

"Kila mzee wa Igogo ana koti la kijivu," Modesta akasema.

"Basi kahesabu makoti."

Ijumaa alihesabu. Alipita nyumba kwa nyumba akiuliza kama kuna aliyenunua simu ya aina ile, na kila nyumba ilimjibu kwa kumtazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala. Kufikia jioni habari ilikuwa imemtangulia bombani. Tereza, aliyekuwa akijaza ndoo, hakujisumbua kushusha sauti. "Wenzake hutafutwa na wanaume. Huyu anamtafuta wake mlango kwa mlango." Wanawake wakacheka hadi maji yakamwagika. Modesta, aliyekuwa na jibu kwa kila mtu tangu darasa la kwanza, siku hiyo alibeba ndoo yake na kuondoka.

Asubuhi ya Jumamosi alikuwa akifagia uani. Ng'ambo ya ua wa minyaa Mzee Jonathan, mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa, alikuwa akisugua meno.

"Shikamoo, mzee," Modesta akasema bila kuinua kichwa, kama alivyosema kila siku.

Mzee akatoa mswaki, akatema povu, akajifuta mdomo kwa kiganja. "Marahaba, ubarikiwe na siku yako."

Ufagio ukasimama. Hakumfikiria mzee, alifikiria mswaki. Mtu mzima, mdomo umejaa povu, na bado hakuweza kuiacha salamu ianguke chini. Wiki nzima yeye alikuwa akimrushia mgeni wake maswali na matusi, vitu ambavyo mtu anaweza kuvikimbia.

Jumapili baada ya ibada Mayala aliketi kwenye kiti chake bila kuvua tai. Wilhelmina alikaa karibu na mlango, kanga mbili tayari zimekunjwa kwa ajili ya safari ya kesho.

"Jina," Mayala akasema.

"Litakuja lenyewe. Naomba tungoje hapa karibu na kabati."

"Utaniambia au utaniimbia?"

"Tungoje, baba mdogo."

Wakangoja. Saa ya ukutani ikapiga tisa, ikapiga kumi. Mayala alikuwa ameshafungua kinywa taa nyekundu ilipowaka, mkonga umelala mahali pake na hakuna aliyeugusa. Modesta akabonyeza spika, akainama kidogo, kama inavyopasa.

"Shikamoo," akasema.

Taa haikuzimika.

"Marahaba," kitako kikajibu, "ubarikiwe na siku yako."

Hakuna aliyehitaji kuuliza. Sauti ile ndiyo iliyosoma matangazo kanisani asubuhi hiyohiyo. Mayala akanyanyuka nusu.

"Mzee Jonathan?"

"Mayala? Umeingiaje kwenye simu yangu?"

Alikuja kwa kuzunguka ua, amevaa koti la kijivu, eriali ya mkonga imechomoza mfukoni. Hakuwa mwizi, hilo lilimkera Modesta zaidi. Alikuwa amengoja laini ya simu miaka tisa, akienda kila mwezi kuambiwa nguzo hazijafika. Ndipo muuzaji alipomwambia kuna simu isiyo na waya. Akaamini haina waya kabisa, ni ya hewani. Biashara imefunguliwa, na hewa nayo imefunguliwa. Akachomeka kitako chake kwenye umeme, akainua mkonga, akasikia mlio, akamshukuru Mungu, akampigia binti yake aliyekuwa Musoma.

"Na kiwanda kilipomtaka Modesta?" Modesta akauliza.

"Nilidhani mpigaji amekosea."

"Mzee unamjua Modesta mwingine?"

Mzee Jonathan akatazama zulia. "Sikufikiri," akasema. "Na baadaye sauti ikawa inanitukana kwenye simu yangu mwenyewe. Ningekaa kuisikiliza?"

"Ungeita tu, mzee. Ua wenyewe unafika kifuani."

Mayala akakohoa. Akasema Ngudu hakuna safari, akamwashiria mkewe arudishe kanga kabatini. Akasema mkonga wa mzee utakaa umezimwa mpaka watakapopata fundi wa kutenganisha namba. Halafu akamgeukia Modesta.

"Sasa mwombe mzee radhi."

"Kwa lipi?"

"Shikamoo siyo ndoana. Umemtegea mtu mzima kwa salamu."

"Imeniuma," Mzee Jonathan akasema polepole. "Nimefundisha miaka thelathini. Nimeitikia shikamoo za watoto ambao sasa ni wazee. Haikuwahi kuwa na mtego ndani."

"Sema tu, mwanangu," Wilhelmina akasema kutoka mlangoni. "Neno moja halichubui mdomo."

Modesta aliwatazama mmoja mmoja. Kazi ilikuwa imechukuliwa na mtu mwingine. Bombani kesho Tereza angekuwa palepale. Na ndani ya chumba kile, tangu taa ilipozimika, hakuna hata mmoja aliyemwambia yeye neno hilo la radhi.

"Salamu niliitoa nimeinama, na mzee ameipokea," akasema. "Nitamwamkia kesho asubuhi, na kesho kutwa, kama kawaida. Radhi siombi."