Mtoto wa Mwenzio Akikuita Mama

Maneno yalianzia saluni kwa Margareth, jirani yangu hapa Karatu: kwamba binti yangu Ritha ana mtoto, amemficha shule ya bweni. Aliniambia huku anasuka mtu, wala hakuinua macho. "Mama Ritha, hongera ya mjukuu. Na sisi majirani uji hata kikombe hatujaonja." Wateja wakacheka. Na mimi nikacheka, nikarudi nyumbani, lakini usingizi sikuupata.

Nilijua hana mtoto. Naishi naye, tumbo angelificha wapi? Lakini mdogo wake Margareth ni mpishi kwenye hiyo shule, na alisema amesikia kwa masikio yake mtoto akimwita Ritha mama. Ukiwa mzazi, hata unachokijua unaanza kukitilia shaka. Nikawa namwangalia Ritha anavyokula. Simu ikilia anatoka nje kuongea, na mimi roho inatoka naye.

Ritha ni msaidizi wa ofisi kwenye shirika linalosomesha wasichana wa wafugaji. Mimi niliishia darasa la saba, kazi yake naijua kwa anavyonisimulia: anapokea wageni, anaandika barua za wafadhili, anatafuta gari, anahakikisha watoto wamefika shule na sare zao. Siku moja tukichambua maharage nikamuuliza waziwazi. Hakukasirika. Alisema huyo ni Naomi, mtoto wa wafugaji kutoka kijiji cha Nainokanoka. Shule ilitaka namba ya simu ya mzazi, mama yake hana simu na kule mtandao ni wa kubahatisha, basi yeye akatoa yake. Tangu hapo mtoto akiumwa anapigiwa yeye, akiishiwa sabuni anapigiwa yeye, na siku ya wazazi anakwenda yeye. Mama mtu alitumiwa salamu asijisumbue, njia ni ndefu.

"Sasa ningemwacha akae peke yake, mama? Wenzake wote wanakula na wazazi wao."

Nikasema siku ya wazazi inayokuja tutakwenda wote.

Tulibeba wali, kuku na soda. Ritha akatangulia ndani, mimi nikabaki getini kutuliza pumzi, maana ile shule iko kilimani. Pale nje alikuwa amesimama mama mmoja wa Kimaasai, shuka lake lina vumbi la njiani, kashika kibuyu cha maziwa. Mlinzi, Bartolomeo, alikuwa anamweleza kwa upole kwamba anaingia mzazi anayejulikana tu, na wa Naomi ameshaingia.

"Ameingia nani?" yule mama akauliza.

"Mama yake."

Akafikiri. Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta. "Mimi ndiyo nimezaa," akasema. "Huyo mwingine amezaa nani?"

Hakusema kwa ukali, alitaka kujua tu. Ndiyo maana iliniuma. Nikamwambia Bartolomeo huyo mwingine ni binti yangu, hajazaa mtu, amfungulie mwenzangu. Akasita, kisha akafungua.

Tuliwakuta kwenye nyasi nyuma ya bwalo. Naomi alikuwa amemwegemea Ritha, anatafuna paja la kuku na kucheka. Kwa Wamaasai mtoto akimsalimia mkubwa huinamisha kichwa, na mkubwa humgusa utosini. Yule mama akanyoosha kiganja chake, akangoja. Naomi akasimama, akafuta vidole kwenye sketi, akampa mkono kama anavyopewa mgeni wa ofisi. Halafu akamtazama Ritha, kama anauliza amefanya sawa.

Mama akamsemesha kwa Kimaasai. Mtoto akajibu kwa Kiswahili.

Ritha akainuka. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Naomi, mimi ni dada wa ofisini. Mama yako ni huyu. Msalimie vizuri."

Mtoto akainamisha kichwa, lakini alifanya kwa kuwa Ritha ameamuru, na yule mama aliliona hilo, nami nililiona. Tukawaachia chakula tukaondoka.

Jumatatu akaenda kwa mwalimu mkuu, akaomba namba yake iondolewe, iwekwe ya Moloimet, mwenye duka kule Nainokanoka, ambaye hupanda mlimani kufuata mtandao. Ofisini wakanung'unika kwamba hiyo ni kuchelewesha mambo. Muhula uliofuata Naomi akaumwa tumbo, shule ikampigia Ritha kwa mazoea. Akawaambia wapige dukani. Kisha akakaa jikoni kwangu, simu mkononi, akilia, anataka kwenda. Nikamzuia. Mama yake alifika kesho yake kwa lori la mahindi, akalala naye palepale shuleni hadi alipopona.

Basi mabinti mnaoanza kazi kwenye ofisi za namna hii, na ninyi mama zao, epukeni haya:

Usitoe namba yako kuwa ya mzazi. Tafuta duka, kanisa, au jirani wa kwao.

Usimwambie mzazi asijisumbue kuja.

Usiende siku ya wazazi bila mzazi mwenyewe kukutuma.

Usimpelekee mtoto chakula kitakachomfanya aonee aibu maziwa ya kwao.

Usikubali akuite mama, hata ikikufurahisha. Hasa ikikufurahisha.