Indumati Hakupanda Megharaj

Wake wa maofisa walipanda manowari ya Megharaj kila mwaka siku ya familia, na miavuli yao. Ndege zikaruka kutoka kwenye sitaha, wao wakapiga makofi. Mke wangu Indumati hakupanda hata mara moja. Kila mgeni alitakiwa awe na mwenyeji wa kumtembeza, na siku hiyo sisi watu wa boila tuko chini, tunachochea moto meli iende. Nani amtembeze? Nilimwomba ofisa wetu. Akasema, "Dattaram, mwakani." Mwakani hiyo ikamaliza ujana wetu.

Megharaj ilipokwenda vitani upande wa mashariki, Indumati alijifungua binti yetu peke yake. Ilipokaa gatini kukarabatiwa injini, nikilala humo humo, yeye ndiye aliyemuuguza mama yangu mpaka akamzika. Ikastaafu, nami nikastaafu, na kifua cha Indumati kikaanza kumbana.

Wakubwa wakaifanya makumbusho hapa Mumbai. Nikampeleka kwa teksi, kavaa sari yake ya kijani aliyoivaa siku ya harusi ya binti yetu. Mlinzi akatuzuia getini.

"Leo hapana, mzee. Waziri anakuja."

"Huyo waziri amewahi kuungua humo ndani?"

"Usinitie matatani, baba. Njooni Jumamosi."

"Mwangalie anavyohema. Huyu wa kungoja Jumamosi?"

Indumati akanivuta shati. "Acha kugombana na mtoto wa watu. Si nimeshaiona? Kumbe ina kutu hivi! Na majivuno yako yote yale."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Tukarudi nyumbani. Ijumaa tuliuchoma mwili wake moto, ndivyo tunavyowaaga wafu wetu.

Baadaye wakubwa hao hao wakasema makumbusho hayaingizi kitu, wakaiuza ikatwe vyuma. Nikaenda huko kwa wakata meli. Geti wazi, mbuzi wanaingia na kutoka. Hakuna aliyeniuliza kibali.

"Babu, utaangukiwa!" kijana mmoja akanipigia kelele.

"Acha niangukiwe."

Nikashuka mpaka kwenye boila. Ubavu wa meli ulishatobolewa, jua linaingia pale ambapo halikuwahi kuingia. Nikamwonyesha Indumati kila kitu. Hapa nilisimama zamu. Hapa nililia waliponiambia umejifungua salama. Na penye kila mlango wa chuma nilisimama, nikamngoja, nikamwambia, "Inama, Indu, utajigonga."