Feni na Kiwambo cha Sikio la Mbuzi

Jirani yangu aliwahi kuniuliza, "Mama, eti huko kazini kwenu mnapima masikio ya mbuzi? Kwani wamelalamika hawasikii?"

Nilicheka hadi mtandio ukadondoka. Lakini kweli tunapima. Mimi napiga deki. Anayepima ni msichana mtafiti, ananiita Mama, nami namwita Bi Masikio. Analetewa vichwa kutoka machinjioni, anatoa kiwambo cha sikio, chembamba kama ganda la kitunguu, anakilowesha maji ya chumvi, kisha anakibonyeza kwa sindano ya mashine. Mashine inaonyesha kimekaza kiasi gani.

Wiki ile namba zilimgomea. Kiwambo kilekile, kwanza laini, baada ya robo saa kigumu, halafu kigumu zaidi. Mkuu wa maabara akamwambia mbele yangu, "Namba hizi unazitunga. Kufikia saa sita nataka vipimo vitatu vinavyolingana, la sivyo kazi hii nampa mwingine."

Akaondoka. Bi Masikio akabaki na kiwambo kimoja tu, machozi yakimlengalenga. Nikapiga deki, nikawasha feni sakafu ikauke, kama nilivyofanya wiki ile yote. Nikatupa jicho mezani: kiwambo kinajikunja ukingoni kama jani juani.

Moyo ukanilipuka. "Ee Mola wangu! Mwanangu, mimi ndiye mkosaji."

"Wewe tena, Mama?"

"Feni! Nakausha sakafu, kumbe nakausha na sikio!"

Akaruka kuizima. Akakidondoshea kiwambo maji ya chumvi, akasubiri kilainike, akapima. Kumi na mbili. Akadondosha tena, akapima. Kumi na mbili! Tukashikana mikono, tukarukaruka kwenye sakafu mbichi. Nikateleza, nikamvuta, tukakaa chini pwaa, tunacheka kama vichaa.

Mlango ukafunguka. Mkuu. "Kuna nini humu?"

"Mkuu, kosa ni langu," nikasema nikiwa bado chini, maana uongo siuwezi. "Feni niliyokuwa nawasha ndiyo iliyokausha kiwambo. Mtoto hatungi kitu."

Akamtazama msichana. "Pima nikiona."

Bi Masikio akainuka, sketi inachuruzika, akadondosha, akapima huku akijiuma midomo asicheke. Kumi na mbili.

Nikapiga kigelegele, Mungu anisamehe, palepale sakafuni. Mkuu akachukua daftari la vipimo, akaandika "aendelee", akatia sahihi. Kisha akapandisha suruali isilowe, akanyata kama jogoo kwenye tope, akatoka.