Mpaka Mtu Aage

Mke wangu nilimzika, sauti yake ikabaki chuoni. Hiyo ndiyo niliyoifuata siku ile, ifutwe, nimevaa suti ileile ya mazishi.

Alikuwa mwanasaikolojia. Mimi fundi bomba, shule niliiacha njiani. Watu wakituuliza tunaongea nini, alicheka: "Huyu anazibua mabomba, mimi nazibua midomo."

Kazi yake ilikuwa kuchunguza watu wanavyozungumza kwa simu na kompyuta. Wanasaikolojia wenzake walisema kahamia kwa watu wa kompyuta. Watu wa kompyuta wakamwona mgeni mwenye maneno mengi. Akawa popo, si ndege si mnyama. Ila walipotaka mashine ya kuzungumza na wapweke, walijua pa kubisha hodi. Wakachukua sauti yake iwe ya mashine. Kinasa sauti kikakaa hadi mezani kwetu, kati ya chumvi na birika, kinasikiliza tunavyogombana.

Alipozidiwa, wakubwa walimfuata hospitali na maikrofoni. Mtu anapumua kwa tabu, wao, "Sentensi chache tu, Daktari." Mimi nikatolewa nje, eti kikohozi changu kinaharibu. Niliporudishwa ndani, hakuwa na kauli tena.

Mkuu wa maabara alinipokea kwa tabasamu la muuza duka.

"Pole sana, mzee wangu. Lakini sauti ni mali ya chuo."

"Basi na maiti mngebaki nayo."

Katibu wake, dada aliyekuwa akimchemshia mke wangu chai, aligeukia dirishani akajifuta macho. Mkuu akajikuna shingo.

"Haya, tutaifuta. Ila kuna sharti aliloliweka mkeo mwenyewe: mpweke hakatiwi mazungumzo. Yanafungwa mtu akiaga, na yakiwa wazi hatuwezi kufuta. Ya watu wote yamefungwa. Yamebaki yenu ya mezani."

"Yetu yana nini?"

"Hamjawahi kuagana, mzee. Watu wa nyumba moja."

Kwaheri yangu waliniibia wao, leo wananidai hiyohiyo.

Nikaingizwa chumba chenye kiti, spika na taa ya kijani. Mkuu akabaki nyuma ya kioo.

"Mke wangu," nikasema.

Halafu pumzi. Pumzi ile ya hospitali, nzito, inayokwaruza.

"Fundi. Umekula?"

Nikavuta kiti, nikakaa.

"Nimekula."

"Muongo wewe. Umekunywa chai ukajiita umekula."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka na spika. Nyuma ya kioo mkuu akanipungia mkono, kunionyesha jinsi ya kuaga, kama anamfundisha mtoto. Neno lilikuwa mdomoni, dogo tu, nililowaambia wateja maisha yangu yote.

"Mbona kimya? Bado upo?"

"Nipo."

"Sema basi."

Nikasimama. Nikafungua kinywa, na kilichotoka ni kile nilichomwambia kila asubuhi mlangoni:

"Nakwenda kuangalia bomba la watu. Narudi."

"Haya. Usichelewe."

Taa haikuzimika. Nilimpita mkuu bila kumtazama, akaita "Mzee! Mzee!" nikashika njia ya mlango. Nyuma yangu, kwenye chumba kisicho na mtu, nilimsikia akivuta pumzi.

"Fundi? Bado upo?"